Viti Viwili vya Daktari Bohumil

Siku Heather aliponipigia simu kusema mumewe, Daktari, amefariki, nililia kwanza, halafu nikaulizia viti.

Sioni haya kulisema. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2021, Sydney imefungwa, na serikali imeshatangaza kuwa mazishi ni watu kumi tu. Heather, Mwaustralia mpole aliyewahi kuwa nesi kama mimi, akanieleza taratibu kwamba yeye, watoto na wajukuu wanafika wanane. Viti viwili vilivyobaki amewawekea watu wa Afrika, maana marehemu angetaka hivyo.

"You lot can sort it out, love," akasema.

Nikamwambia hakuna cha kupanga. Ni mimi na Bohumil.

Bohumil ni mwanangu. Ndiyo, mtoto wa Kiha, wa Kasulu, anaitwa Bohumil. Karani wa pasipoti kule Kigoma aliniuliza kama hilo ni jina la dawa. Shuleni Granville walimwita Bo, na kwenye ghala anakoendesha mashine ya kunyanyulia mizigo wanamwita hivyo hivyo mpaka leo. Mimi namwita jina lake lote. Kwetu mtu akikuponyea mtoto, unampa mtoto jina lake, na kila ukimwita unakuwa umeshukuru. Nimemshukuru Daktari Bohumil tangu mwaka 1997, asubuhi na jioni, hata siku ninazomwita huyu kijana kwa ukali aje aondoe viatu vyake mlangoni.

Kwa hiyo viti vilikuwa vyetu. Nilidhani neno limeisha. Mume wangu, Zephania, asingekuwepo kwa vyovyote. Alikwenda Kasulu kumzika baba yake mwaka uliotangulia, mipaka ikafungwa, na kila akikata tiketi ndege inafutwa. Tungekwenda wawili, mimi na mwanangu, tuketi karibu na jeneza la mtu aliyetupa uhai.

Jioni ile ile simu yangu ikaanza kulia. Tuna kundi letu la WhatsApp, watu tuliotoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, wengi Warundi, Watanzania wachache tuliofanya kazi huko. Msimamizi wake ni mzee Libère, kiongozi wa kwaya, mtu wa maneno ya pole pole na ujumbe mrefu wa sauti. Akasalimia, akatoa pole, akakohoa, halafu akasema: "Dada Rhoda, sisi tunaona kiti kimoja kiwe cha Bohumil, kwa sababu ya jina. Na kile kingine apewe Bibiane."

Bibiane! Niliisikiliza sauti ile tena nikiwa nimesimama katikati ya sebule.

Sasa niseme habari za Daktari, ndipo mtu aelewe kwa nini jina la Bibiane lilinipandisha mori.

Dokta Bohumil Kubeš alikuwa daktari wa watoto, Mcheki kutoka mji wa Brno. Alizaliwa mwaka 1943, Wajerumani wakiwa wameikalia nchi yao. Dada yake mkubwa alikufa kwa dondakoo wakati wa vita hivyo hivyo, kwa kuwa dawa iliyokuwepo hospitalini ilitunzwa kwa ajili ya familia za askari. Mama yake alimsimulia mara nyingi mno, naye akatusimulia sisi wodini, huku akitafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto. "Ndiyo sababu sijui kutibu watu wazima," alikuwa akisema. "Sina hamu nao." Alipomaliza udaktari, mwaka 1968, vifaru vya Warusi vikaingia nchini kwao. Akakimbia na sanduku moja, akafika Sydney, akakaa kwenye mabanda ya wahamiaji pale Villawood. Cheti chake hakikutambuliwa. Alipiga deki hospitalini huku akisomea mitihani upya kwa Kiingereza, mpaka wakamrudishia wodi ya watoto.

Angeweza kuzeekea humo. Badala yake, akiwa ameshavuka miaka hamsini, akasikia kuna vita Burundi na watoto wanavuka mpaka kuingia Kigoma, akapanda ndege. Alifika kwenye kambi yetu wilayani Kibondo amevaa kofia ya mkewe. Tulikuwa na wodi ya watoto ya turubai, jenereta moja, na mashine moja ya oksijeni. Mimi ndiye nesi niliyempokea. Nilimfundisha kusema pole, nilimwonyesha maji ya kunywa, na kipindupindu kilipokuja tulilala kwa zamu kwenye benchi moja, yeye akiamka mimi nalala.

Alikuwa na namna yake ya kazi. Maji ya chumvi na sukari hakumpa mtoto yeyote kabla hajayaonja, na mama wa mtoto lazima aonje pia. Akiwa na shaka anamwambia mama: "Onja machozi yako, halafu onja kikombe. Kikombe kisishinde machozi." Na kina mama wale, machozi hawakuwa na haja ya kuyatafuta. Kikombe kikizidi chumvi alikimwaga na kuanza upya, hata kama mstari umefika nje ya uzio. Alikaa nasi miaka sita. Mtu wa namna hiyo ukifanya naye kazi, unajiona umepata kitu ambacho wengine hawana.

Mimi nilijiona hivyo. Nilimjua Daktari kuliko mtu yeyote wa Afrika, ndivyo nilivyoamini. Yeye ndiye aliyeniandikia barua ya sifa nilipoomba kazi Australia. Yeye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege. Nikafika, nikatulia, nikakuta Bibiane yuko hapa zamani.

Bibiane ni Mrundi aliyeletwa na Umoja wa Mataifa. Kambini nilimfahamu kwa mbali tu: alikuwa mmoja wa kina mama wa wodi ya watoto, aliyepoteza mtoto kama wengi walivyopoteza. Hapa Sydney anaishi Villawood, mtaa wa pili kutoka yale mabanda ya Daktari ya zamani, ambayo siku hizi ni kizuizi cha wahamiaji. Ana binti mmoja, Spéciose, kwa hiyo watu humwita Mama Spéciose. Ni mwanamke asiye na makuu. Anafanya kazi kiwanda cha mikate. Hana maneno. Na Daktari alimpenda kuliko mimi.

Naam, nimesema. Kwangu Granville Daktari alikuja Krismasi. Aliketi kwenye ukingo wa sofa, akala pilau, akaisifu, akatazama saa. Kwa Bibiane alikwenda wakati wowote. Siku moja nilimpelekea Bibiane unga, nikamkuta Daktari amelala kwenye kochi lake, soksi miguuni, mdomo wazi, anakoroma. Kwangu hakuwahi hata kuvua viatu! Nilisimama na ule unga mkononi, nikatamani nimwagie mtu. Hata Kiswahili chake kilikuwa cha Bibiane. Nilimsahihisha miaka sita, na bado alisema "mutoto" na "mulango" kama Warundi.

Lakini lililoniuma zaidi ni tarehe kumi na tisa Agosti. Hiyo ni siku ya kuzaliwa ya mwanangu. Kila mwaka nilimwalika Daktari, na kila mwaka alituma kadi kwa mkono wa Heather na kusema ana shughuli. Mpaka nilipoiona shughuli yenyewe. Spéciose aliweka picha kwenye Facebook: Daktari yuko mezani kwa Bibiane, mbele yao keki ya Kicheki yenye tundu katikati, ile aliyokuwa akiioka Daktari mwenyewe, na tarehe ni hiyo hiyo. Wajina wake anazima mishumaa Granville, yeye anakula keki Villawood! Nilikosa hamu ya chai kwa wiki nzima. Wala sikuuliza. Mtu mwenye wivu haulizi, anajijibu mwenyewe, na mimi nilikuwa na majibu ya kila aina, mengine hayafai kusemwa mbele ya watu.

Basi ndiyo maana nilimjibu mzee Libère kwenye kundi, kila mtu asome, kwamba Heather ameniambia mimi, viti ni vya mimi na mwanangu, na anayetaka kumwaga machozi atazame ibada ikirushwa kwenye simu. Wengine wakaweka vile vikatuni vya mikono iliyokunjwa. Bibiane hakuandika kitu. Ningefurahi angenitukana.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo cha kupima korona Smithfield, kile cha kupita na gari. Sheria ilitaka mtu wa eneo la Fairfield anayetoka nje ya eneo kwenda kazini apimwe kila baada ya siku tatu. Bibiane analala Villawood, ambako ni Fairfield, na kiwanda chake kiko Granville. Kwa hiyo kila baada ya siku tatu mpinzani wangu alikuja mwenyewe, akateremsha kioo, akaniletea pua.

Sikumwumiza. Mimi ni nesi. Lakini sitasema kwamba kile kijiti cha pamba nilikitoa upesi.

"Rhoda, kwani uko kwa hiyo pua unachimba mafuta?" aliniuliza siku moja mwenzangu Wilkister, Mkenya wa Kisumu, anayeandikisha magari. "Huyu mathe amekukosea nini? Wacha hasira, bana."

"Kanuni ni kanuni," nikamjibu.

Tarehe kumi na tisa ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya mazishi. Nilikuwa nimeagiza keki dukani, keki ya kawaida ya chokoleti, ya kumlisha mwanangu jioni. Gari la Bibiane lilikuwa la mwisho kwenye mstari. Jua limeshuka, Wilkister anakusanya koni za njiani. Nilivaa glavu mpya, nikamsogelea, na nikiwa nainama dirishani nikaiona.

Kwenye kiti cha abiria, imefungwa mkanda, kulikuwa na keki yenye tundu katikati.

Sikujua kama mtu anaweza kuona wivu wa namna ile mpaka siku hiyo. Daktari yuko kwenye jokofu la watu wa mazishi, hata hajazikwa, na huyu mwanamke bado anaadhimisha sherehe yao siku ya mwanangu. Nikamwambia ainue uso. Nikaingiza kijiti. Machozi yakamtoka, kama yanavyomtoka kila mtu. Na mimi, badala ya kuhesabu moyoni na kutoa, nikasema:

"Wewe unamlilia kwa lipi? Mimi aliniponyea mtoto. Wako hakumponya. Ulipata nini kwake wewe, Bibiane, hata ung'ang'anie kiti?"

Nilipotoa kijiti nilikuwa najua nimesema kitu ambacho hakirudi. Wilkister alisimama na koni mkononi. Bibiane akapangusa pua kwa tishu, akavuta barakoa juu, akazima gari.

"Mama Bohumil," akasema, "mi sikuomba kiti."

"Ila unakitaka."

"Nakitaka. Lakini sikuomba." Akaitazama ile keki, siyo mimi. "Wewe ulikuwa umelala, ile siku. Ulikuwa na ile ugonjwa ya mimba. Hukujijua."

Ni kweli. Nilishikwa na kifafa cha mimba nikiwa zamu. Walinipeleka wodi ya wazazi, upande wa pili wa kambi, nikajifungua bila kujua, nikazinduka baada ya siku mbili nikiambiwa una mtoto wa kiume, alizaliwa hapumui vizuri, Daktari amemponya. Ndivyo nilivyoambiwa. Sikuwahi kuhitaji zaidi ya hapo.

"Mi nilikuwa kwa wodi na Venant wangu," akasema Bibiane. "Alikuwa na mwaka moja na kitu, alikuwa kwa ile mashine ya oxygène, mrija kwa pua. Mapafu yake yote ilikuwa imeharibika. Ile asubuhi Docteur alinikalisha, akaniambia, Mama Venant, huyu mutoto hatapona. Mashine inamusaidia kupumua tu. Nikasikia. Nikabaki namushika. Halafu muchana akaingia na mutoto mudogo, rangi yake bluu, anamupumulisha na ule mupira kwa mukono. Alisimama kwa mulango. Akaangalia mashine. Akaniangalia mimi. Hakusema kitu. Hakuniomba, Mama Bohumil. Angeniomba, ningekataa."

Nilikuwa nimeshika dirisha la gari. Glavu zangu zilikuwa zimelowa jasho kwa ndani.

"Nikatoa ule mrija kwa pua ya Venant na huu mukono wangu. Nikapanguza na kitenge, nikamupa. Docteur alikuwa anatetemeka. Mi sikutetemeka. Venant alikufa kwa magoti yangu, jua bado iko. Na wako akaanza kulia. Wodi yote ilimusikia."

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza. "Miaka yote hii, kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Docteur alitaka. Mi nilimukataza, na manesi wote nikawakataza. Ni mama gani anaambiwaka vile? Kila ukimuogesha wako ungemuona wangu. Nilitaka umulee vizuri, bila deni." Akaigusa ile keki. "Leo ni siku ya Venant. Docteur alikuwa anakuja, tunakula gâteau, hatusemi kitu. Mwaka huu nimepika mwenyewe. Nafikiri nimeweka sukari mingi."

Akafungua mkanda wa ile keki. Akakata kipande kwa kisu cha plastiki, akakifunga kwenye tishu safi, akanipitishia dirishani.

"Mupe Bohumil," akasema. "Ni siku yake pia."

Akaondoka. Wilkister akaja kusimama karibu yangu, akanivua glavu kama mtoto.

Niliendesha mpaka Granville na kile kipande cha keki magotini. Mtu angetegemea niseme nilijawa na shukrani. Hapana. Kilichonijia kwanza kilikuwa wivu tena, mbaya kuliko wa mwanzo. Daktari na Bibiane walikuwa na kitu chao, wawili tu, kila Agosti, na kitu chenyewe kilikuwa mwanangu. Walikaa mezani wakijua habari ya mtoto wangu ambayo mimi mama yake sikuijua. Nilimwonea wivu Bibiane hata kwa yale machungu. Kisha nikakumbuka kitu kingine, nikalazimika kusimamisha gari kando ya barabara.

Nilipopata nguvu ya kutembea kule kambini, nilimbeba mwanangu mpaka wodi ya watoto kumwambia Daktari kwamba nimempa jina lake. Nilitarajia afurahi. Alikuwa ananawa mikono. Akaendelea kunawa muda mrefu, mgongo umenielekea, halafu akasema, "Si mimi, Rhoda. Mpe jina jingine." Nikacheka. Nikadhani ni haya za Kizungu, mtu kutopenda kusifiwa. Nikamwambia jina limeshatangazwa, halirudi. Na pale pale wodini, kwenye kitanda cha karibu na mashine, pengine Bibiane alikuwa bado anakunja vitu vyake. Sikumtazama.

Nyumbani Bohumil alikuwa ametoka kuoga. Nikamketisha mezani, nikamwekea kile kipande badala ya keki ya chokoleti, nikamwambia yote kwa Kiswahili. Yeye husikia kila neno na kujibu kwa Kiingereza, tumeshazoeana. Alikula kidogo, akaacha, akala tena.

"How old was he?" akauliza.

"Mwaka mmoja na kitu."

"And what was his name?"

"Venant."

Alilirudia polepole. Halafu akasukuma sahani mbele, akafunika macho kwa kiganja, huyu mtu mzima wa ndevu. "So all this time I've got the wrong name, Mum."

"Una jina zuri," nikasema. "Ila mimi sikumshukuru aliyestahili."

Akapangusa macho. Baada ya muda akauliza ni nani anakwenda naye kesho. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikatengeneza utando. Kiti kile nilikitaka. Nilikitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nifike nchi hii. Nilikuwa nimeshapiga pasi gauni jeusi, limening'inia mlangoni. Nilitaka kumwona Daktari mara ya mwisho na kumuuliza, hata akiwa kwenye sanduku, kwa nini hakuvua viatu kwangu. Na jibu nilikuwa nalo. Asingeweza kujinyoosha na kukoroma katika nyumba ambayo kila mtu anamwita mwokozi.

Nikapiga.

"Mama Venant," nikasema. Sijui ni miaka mingapi tangu mtu amwite hivyo. "Kesho Bohumil atakupitia. Mtakaa pamoja."

"Na wewe?"

"Mimi nina zamu."

Sikuwa na zamu. Yeye alijua, maana zamu zangu alizijua kwa pua yake. Akasema tu, "Basi nitavaa kile kitenge."

Ijumaa niliketi jikoni, nimeegemeza simu kwenye kopo la sukari. Picha ilikuwa ya juu, kutoka kwenye pembe ya kanisa dogo la makaburini. Viti vimeachana, watu wamevaa barakoa, jeneza la mbao nyeupe. Niliwatambua kwa visogo: Heather, wajukuu, na nyuma kabisa mwanangu na suti ya baba yake. Pembeni yake Bibiane, kitenge cha bluu kilichofifia mpaka karibu cheupe. Kati yao kulikuwa na nafasi ya sheria. Nilijua ni kitenge gani. Niliinamisha uso nikashindwa kukiangalia, halafu nikakiangalia.

Msimamizi wa ibada, mwanamke kijana wa kampuni ya mazishi ambaye hakumjua marehemu, alisoma maisha yake vizuri. Akasoma Brno na dada aliyekufa kwa dondakoo, akasoma Villawood na deki, akasoma Kigoma, mashine moja, watoto wasiohesabika. Akainua uso na kutabasamu upande wa nyuma. Akasema kwamba leo tuna bahati, tuko na kijana aliyepewa jina la Daktari, Bohumil, na yuko hapa pamoja na mama yake.

Akamwonyesha Bibiane kwa mkono.

Heather aligeuka. Yeye ananijua vizuri mno. Alimtazama Bibiane kwa muda, na nadhani Daktari hakumficha mkewe lolote, kwa sababu aligeuka tena mbele bila kusema kitu. Bibiane aliinua mkono nusu, kama mtu anayetaka kukataa. Ndipo mwanangu aliposogeza kiti chake, akaivunja nafasi ya serikali, akaushika ule mkono na kuuteremsha gotini pake. Hakuuachia.

Nilisimama jikoni. Mama yake ni mimi! Nilisema kwa sauti, kwa lile kopo la sukari, kwa jokofu, kwa gauni jeusi lililokuwa bado limening'inia mlangoni. Mimi ndiye niliyembeba tumboni, mimi ndiye niliyekaribia kufa!

Juu ya kioo cha simu ukashuka ujumbe wa mzee Libère kwenye kundi: *Wamekosea. Mama yake ni Rhoda. Nani ana namba ya Heather tuwasahihishe?* Halafu wengine, mmoja mmoja, wakiwa na hasira kwa niaba yangu. *Aibu. Dada Rhoda sema neno.*

Kwenye picha ile ndogo Bibiane alikuwa amelaza kichwa kwenye bega la mwanangu, na mwanangu amemwachia.

Nikaandika, *Hawajakosea*, nikatuma. Kisha nikakaa chini nikalia kwa wivu, na sikuzima simu mpaka ibada ilipokwisha.